Madaraja kwa Krayo, Mito kwa Biki

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, na mkuu wetu akaniomba niandike yote ninayoyajua kuhusu kupanga safari, yasije yakapotea pamoja nami. Saa hiyo imeshasimama. Ninayoyajua si mengi, na mengi kati yake mmeyaona wenyewe mkiwa mmekaa kwenye kiti changu, kile chenye mguu uliofungwa waya. Ya vyeo sitaandika, yako kwenye faili kama panya hawajayamaliza. Naandika hasa kwa sababu ya mtu mmoja, dereva Saidi. Mnapofundisha dereva mpya huwa mnamwambia asiwe kama Saidi, na kwa miaka tisa nimewasikia mkisema hivyo nikanyamaza.

Kwa wale wasionijua: mimi ni Banza, na kwa miaka thelathini na moja nilipanga safari za magari ya depo letu la dawa hapa Kalemie. Sikuendesha gari wala sikufunga mizigo. Nilikaa kwenye meza ya dirishani, pale unapoiona reli, nikaandika karatasi ya njia. Siku ya kwanza gari lilale wapi, siku ya pili wapi, chifu gani asalimiwe na kwa chumvi kiasi gani, mto upi unavukwa kwa daraja na upi kwa pantoni. Safari ndefu zilikwenda Nyunzu, zikashuka Manono, na mara nyingine zikaendelea mpaka Piana-Mwanga, kwenye bwawa la umeme. Na niseme mapema jambo ambalo wengi wenu hamkulijua: Manono sijawahi kufika. Nyunzu nimefika mara mbili, zote kwa treni. Nilikuwa nikisema kazi hainipi nafasi. Ukweli ni kwamba niliziogopa zile njia, maana nilizijua vizuri mno kutoka vinywani mwa waliorudi.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta Muzee Kabwe, aliyepanga safari kabla yangu, akizungumza na ramani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti moja, na tabia ya kutotazama anayemsalimu. Alinipa kazi papo hapo: gari moja, Kalemie mpaka Manono, panga. Nikachukua rula. Nikapima, nikagawanya, nikaandika kwa mwandiko mzuri wa shule: siku mbili. Muzee Kabwe akasoma, akatikisa kichwa kama anayekubali, akamkabidhi dereva. Dereva alirudi siku ya kumi na saba, ndevu zimemjaa. Aliniwekea karatasi yangu mezani. Nyuma yake walikuwa wameandika hesabu ya mchezo wa karata, siku nane nzima za mchezo, na nikaona kwamba kondakta ndiye aliyeshinda.

"Rula yako ilikuambia mutoni kule Kamalenge kuna mayi?" Muzee Kabwe akaniuliza.

"Hapana, Papa."

"Basi iweke. Kesho tunaenda soko."

Sokoni alinipeleka kwa watu wa kinga, yaani wale wanaosukuma baisikeli kutoka bara. Wanaleta mafuta ya mawese na mahindi, wanarudi na chumvi na ndakala mkavu, yaani dagaa wa ziwani. Muzee Kabwe hakuwasalimia kwanza. Alianza kwa kuitazama baisikeli. Tope likifika kwenye mnyororo, njia ni nzuri. Likifika kwenye tandiko, mwenye baisikeli amevuka kitu, na hapo ndipo unaanza kuongea. Swali lake lilikuwa lile lile kila wiki: "Ulipanda kinga, ao kinga njo ilikupanda?" Watu wakacheka, na wakicheka husema kweli. Mmoja alisema kuanzia kilima fulani ameibeba baisikeli begani mpaka mchana. Muzee Kabwe alitoa daftari mfukoni akaandika.

Hapo ndipo niliona kalamu zake mbili. Mito, vilima na vijiji aliandika kwa biki, wino wa buluu. Madaraja yote, hata lile la chuma alilokuwa amelivuka mwenyewe, aliandika kwa krayo, penseli ile ya kawaida ya kuchongwa kwa wembe. Nikauliza kwa nini. Akasema mto atakuwepo hata yeye akifa, lakini daraja ni miti sita ambayo mtu mwingine anaweza kuipikia. Basi ikawa sheria ya ofisi, na kila dereva aliijua: mstari wa krayo maana yake simama kijiji cha kabla, zima gari, kaa, uliza. Mstari wa biki maana yake pita. Ulikuwa unapoteza nusu siku kwa kuuliza, maana huwezi kumuuliza mtu habari ya daraja kabla hujamsikiliza habari ya mkwe wake. Lakini magari yalirudi.

Nilirithi daftari hilo Muzee Kabwe alipostaafu, pamoja na ramani iliyoliwa na mchwa mahali pa Piana-Mwanga hasa, ikabidi kila safari ya huko niichore upya kwa kukumbuka. Nilirithi pia foni, redio ile kubwa ya kuongea na vituo, ambayo ilisikika vizuri pale tu usipokuwa na la kuuliza. Nilijifunza kupanga barafu ya chanjo, ambayo haingoji mtu asalimiane. Nilijifunza kutowaweka madereva wawili wanaokoroma kwenye chumba kimoja cha misheni, maana kesho yake wote wawili hawana macho. Haya andikeni, yatawafaa.

Mwaka mmoja alikuja muuguzi mgeni kutoka Wales, mama mpole, akakaa nasi miezi mitatu. Aliniona nikipanga, akaniletea karatasi aliyokuwa akipanga na dada yake kwa ajili ya likizo huko kwao. Siku tano kwa gari dogo, mji baada ya mji. Saa nne chai mahali fulani, saa saba ngome ya zamani, jioni nyumba ya kulala yenye bustani. Pembeni ameandika kwamba siku ya tatu kunaweza kuwa na kondoo njiani. Nilimuuliza kama amewauliza watu wa huko habari za madaraja. Hakunielewa, nami nikaona haya kumweleza. Nilikaa na karatasi ile mchana kutwa. Ilikuwa nzuri, na hakukuwa na mstari hata mmoja ambao mtu angeweza kufa ndani yake. Nilimwonea wivu, na wivu ule nadhani ndio ulionilegeza baadaye.

Saidi alikuwa dereva wetu wa njia ya Manono. Alitoka katika familia za Kiislamu za hapa ziwani, zile ambazo babu zao walifanya biashara ng'ambo na Kigoma, na alijivunia kwamba yeye ndiye wa kwanza kwao kukimbia maji. Alikuwa mrefu, msafi kupita kiasi, na mwepesi wa kila kitu isipokuwa gari. Kwenye gari alikuwa mzee. Alisimama kila palipoandikwa krayo, hata kiangazi. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kabla ya kila safari Saidi alimsomea karatasi yangu nyumbani ili ajue kila siku mumewe analala wapi. Aliporudi aliniambia makosa yangu. "Papa Banza, kile kijiji umeandika kiko kushoto, kiko kuume. Mke wangu ameombea watu wa upande mubaya siku mbili."

Halafu ikaja kompyuta. Sikuichukia, msidhani. Karatasi zangu zilikuwa zimejaa alama za kufutwa na madoa ya chai, na wakubwa wa juu walitaka kitu wanachoweza kukisoma. Mkuu wa wakati huo, ambaye wengi wenu hamkumkuta, alitangaza kwamba tangu sasa karatasi ya njia itachapwa, kila kilichomo kitakuwa kimehakikishwa ofisini, na madereva waache kupoteza nusu siku kwenye kila kijito. Nilikuwepo. Ningeweza kuinua mkono. Nilifikiria ile karatasi ya Wales, safi, yenye saa na dakika, na nikaona labda nasi tumefika huko.

Aliyechapa alikuwa Furaha, dada mmoja makini aliyeajiriwa mwaka ule. Alikaa na daftari la Muzee Kabwe siku nzima, akaja mezani kwangu akiwa ameliweka wazi kifuani.

"Papa, kuna ya biki na kuna ya krayo. Niziandike namna moja?"

Nilikuwa naongea na foni, kwa bahati mbaya siku hiyo ilikuwa inasikika. Nikapunga mkono. "Andika tu, mama. Andika yote."

Akaandika yote. Karatasi ikatoka kwenye mashine ikiwa nyeusi toka juu mpaka chini, mito na madaraja rangi moja, na mimi nikaweka sahihi. Ilipendeza. Niliipeleka kwa mkuu mwenyewe, mikono miwili, kama mtu anayepeleka posa.

Wiki ile sikwenda soko. Hilo nalo liandikwe. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, nikasema watu wa kinga hawatakuwepo, na kweli walikuwa wachache, lakini walikuwepo. Asubuhi ya kuondoka Saidi alikuja dirishani kwangu, gari linaunguruma nyuma yake, karatasi mpya mkononi. Alikuwa ameikunja tayari mahali pa siku ya nne, nusu siku kabla ya Manono.

"Papa Banza, Kamalenge iko? Kilalo njo iko?"

Kilalo ndilo jina ambalo madereva wetu wanaliita daraja. Naikumbuka sura yake. Hakuwa na haraka. Aliuliza kama alivyouliza siku zote, akisubiri nimwambie nani ametoka huko, lini, na tope lilifika wapi.

Nikamjibu, "Iko ku karatasi."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Sawa, Papa. Kama umeandika."

Siku ya nne, saa kumi jioni, alifika Kamalenge. Hakusimama kijiji cha kabla, kwa sababu karatasi haikumwambia asimame na mtu aliyeiandika alimwambia daraja lipo. Maji yalikuwa yamepanda juu ya magogo. Magogo mawili yalikuwa yameshakwenda, lakini hilo halikuonekana kutoka juu. Kondakta, aliyekaa nyuma juu ya makartoni, alirukia majani na akapona. Gari lilimlalia Saidi. Watu wa kijiji kile kile ambako hakusimama ndio waliomtoa na kumpeleka Manono kwa machela, na Waislamu wa Manono wakamwosha na kumzika asubuhi, kwa desturi yao ya kutomchelewesha maiti. Sisi tulipata habari kwa foni baada ya maziko. Ilisikika vizuri sana.

Kikao kilifanyika kwenye chumba kikubwa. Kondakta aliulizwa kama walisimama kuuliza kijijini. Akasema hapana. Ripoti ikaandika kwamba dereva alikuwa na haraka na hakuuliza, kinyume na desturi. Mkuu aliyeiondoa desturi hiyo ndiye aliyetia sahihi. Hakuna aliyeniuliza mimi neno. Furaha alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinua macho akaniangalia kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia mikono yangu. Mwaka ulipokwisha aliacha kazi akaenda Lubumbashi, na hakuniaga.

Kesho yake nilirudi kwenye krayo. Kompyuta ilibaki kwa barua. Mlinisifu kwa ukali wangu. Mlisema Papa Banza hakubali daraja hata akiapiwa. Sababu yake ndiyo hiyo. Na kila dereva mpya alipoingia nilisikia mtu akimwambia habari ya Saidi aliyekimbia, nikainamisha kichwa nikachonga krayo. Nimechonga nyingi sana.

Kwa Mama Zaina nilikwenda kwenye matanga, nikaenda tena arobaini, halafu nikawa nazunguka njia nyingine kwenda kazini. Hakuweza kwenda Manono. Kwanza watoto wa mwisho walikuwa wadogo, kisha vita vikaingia upande wa Nyunzu na watu wakakimbilia huku kwetu na magodoro vichwani, kisha ikawa hivi mara vile. Kaburi la mumewe alilijua kwa kusimuliwa tu.

Mwezi wa pili wa kustaafu kwangu, mchana, nilisikia hodi. Alikuwa yeye, amevaa kitenge cheusi na miwani yenye mkono mmoja wa uzi. Nilimkaribisha, mke wangu akaleta maji. Hakuyagusa.

"Papa Banza, nasikia njia ya Manono imefunguka. Nataka kwenda kuona kaburi ya baba Zaina. Kaka yangu ananiazima motoka na shofere."

"Ni vizuri, Mama."

"Weye njo ulikuwa unamupangia safari zake. Unipangie na mie. Uandike vile ulikuwa unamuandikia, siku kwa siku, nijue nalala wapi."

Niliomba siku tatu. Karatasi ile ndiyo ngumu kuliko zote nilizoandika, na nimeandika za wakati wa vita. Siku ya kwanza, kuondoka baada ya sala ya alfajiri, kulala Nyunzu kwa binamu yake. Siku ya pili, kijiji ambacho kiko kuume, si kushoto. Siku ya tatu, pantoni ya Luvua, kufika mapema kwa sababu mwenye pantoni hula mchana na hali haraka. Siku ya nne nikaandika kijiji cha kabla, chifu asalimiwe. Halafu nikafika Kamalenge, na hapo mkono ukagoma. Siku mbili kati ya tatu nilizimaliza hapo. Ningeweza kuandika kama siku zote: daraja, uliza. Asingejua. Angepita juu ya pale mahali akiwa bado anaamini alichoambiwa.

Mwishowe nilichukua krayo nikaandika: "Kamalenge. Hapa ndipo Saidi alipofia. Aliniuliza asubuhi ya kuondoka kama daraja liko, nikamwambia liko. Sikuwa nimeuliza mtu. Banza."

Nilimpelekea nyumbani. Alisoma kwa kidole, kama walimu wanavyosoma, toka juu. Penye Nyunzu akaitikia kwa kichwa. Penye pantoni akatabasamu kidogo. Kidole kikafika siku ya nne, kikasimama, kikarudi mwanzo wa mstari, kikapita tena.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza, Mama."

"Ulimujibu nini? Yale maneno yenyewe."

"Nilisema, 'Iko ku karatasi.'"

Alivua miwani. Nilidhani atalia, au atanifukuza, na vyote viwili nilikuwa nimevisubiri miaka tisa. Aliongea polepole akitazama ukuta.

"Mie nilikasirikia marehemu. Walisema hakuuliza, alikuwa na haraka. Kila mutoto wake akikimbia, nasema: baba yenu njo haraka ilimuua. Nimesema vile mbele ya watoto wake. Zaina anasema vile kwa watoto wake yeye. Na muntu aliuliza!" Akapiga meza kwa kiganja. "Aliuliza, Papa Banza!"

Nilisema pole, na neno lenyewe likanionea haya.

Alivaa tena miwani, akaangalia mstari ule kwa karibu, akaupitisha kidole. Kidole kikatoka na weusi.

"Hii umeandika na krayo."

"Ndiyo."

Alifungua mkoba wake wa ualimu, akatoa biki, akaisukuma kwangu juu ya meza. "Andika na biki."

Niliandika juu ya maandishi yangu, herufi kwa herufi, yeye amesimama nyuma ya bega langu kama ninavyofikiri alisimama nyuma ya wanafunzi wake. Nilipomaliza jina langu nikaiweka biki chini. Hakuichukua. Aliweka kidole juu ya ukurasa, mahali pa wasafiri, ambapo nilikuwa nimeandika jina lake na la dereva wa kaka yake.

"Na weye siyakuona hapa."

"Mama, mimi hiyo njia sijawahi..."

"Najua. Baba Zaina aliniambia zamani, alikuwa anacheka: Papa Banza anaogopa njia. Sijasema nimekusamehe. Nasema utakuja. Utanionyesha kule."

Niliandika Banza, kwa wino.

Tunaondoka Jumatatu. Ripoti iliyoko kwenye faili la Saidi mnaijua; chini yake nimeweka nakala ya karatasi hii, na nawaomba mbadilishe mnachowaambia madereva wapya. Leo asubuhi nimekwenda soko, magoti yanauma, nikaangalia baisikeli kabla ya kusalimia. Moja ilikuwa na tope mpaka kwenye tandiko. Nilimuuliza mwenyewe kama pale Kamalenge kilalo kiko. Akasema hajui, yeye alipita majini na baisikeli kichwani. Nimeandika hivyo.